Ngozi Aliyonirudishia Mama Sechelela

Mbukwenyi, ndugu zangu! Jina la Bwana Yesu litukuzwe katika nyumba hii ya udongo tuliyoijenga kwa mikono yetu wenyewe!

Naona mmeshtuka. Naona akina mama wa mbele mmevuta nguo zenu zisiguse kitu hiki nilichokitandaza hapa chini. Ndiyo, ni ngozi. Ni ngozi ya kondoo mweusi, tena ni yule yule mnayemdhania, kondoo wa mvua. Msiondoke! Mzee Ndahani, nakuomba ukae. Wewe ni mzee wa kanisa, mimi ni mwalimu wenu, na leo watu hawa wamekuja kunisikia nikisoma jina la mtu wa kufutwa katika daftari la kanisa. Jina nitalisoma. Lakini nisikilizeni kwanza, maana nikinyamaza leo sitasema tena mpaka naingia kaburini.

Ndugu zangu, mnanijua. Mimi ni Andrea, mwana wa Malogo, wa hapa hapa Haneti. Mlinijua nywele zangu zikiwa zimesukwa, mwili umepakwa ngeu, udongo mwekundu, mpaka nang'aa, mkuki begani, sina habari na mtu. Nilipoamini nilinyolewa, nikaiosha ngeu, nikapewa kanzu nyeupe na jina jipya. Bwana Padre, aliyeko Buigiri, mwendo wa siku mbili, akanifundisha kusoma. Kisha akanituma kwenu niwe mwalimu wa kanisa, akanipa na barua yenye muhuri.

Barua ile mnaijua. Askari wa boma wanapokuja na akida kukamata watu wa kubeba mizigo na wa kujenga reli, kila mwanamume hapa hukimbilia porini. Mimi sikimbii. Mimi husimama mlangoni na kanzu yangu, natoa barua, askari anapiga saluti anakwenda kwa jirani. Nisikilizeni vizuri, maana leo sifichi kitu: barua ile niliipenda kuliko Injili! Niliisoma mara nyingi kuliko zaburi. Nilikuwa naiweka ndani ya Biblia, na nikifungua Biblia mkono ulikwenda kwanza kwenye barua.

Basi ukaja ukame. Mnaukumbuka, hakuna haja ya kuusimulia sana. Uwele uliota ukafika magotini, ukakauka umesimama. Ng'ombe walilala wasiinuke. Mama yangu mzazi, mwanamke aliyelisha nusu ya watu mlio humu, alikuwa anachimba mizizi. Mtemi akatuma watu: kila kitongoji kitoe mnyama mweusi asiye na doa, akachinjwe kwenye makaburi ya watemi, mvua iombwe kama walivyoomba mababu.

Nami nikasimama hapa hapa. Mnakumbuka nilivyonguruma! Nilisema mwamini atakayepeleka mnyama kwa mtemi amejichagulia bwana mwingine, na ajue mlango wa kanisa uko wapi. Mlisema amina. Mzee Ndahani alisema amina mara mbili. Nilitoka hapa kifua mbele, najiona nabii.

Siku ya tatu yake akaja kaka yangu Chiwanga. Mnamjua Chiwanga, hajabatizwa wala hataki, ngeu yake ipo pale pale, na ulimi wake hauna mlinzi. Akaniambia, "Andrea, kitongoji chetu kimekosa mnyama mweusi. Wote wamekufa. Amebaki wako tu."

Nikamwambia mimi ni mtu wa Mungu.

Akasema, "Ndiyo, na watu wanasema mvua imezuiliwa na kanzu yako. Wanasema wakija kuichoma nyumba yenu ya sala, waanze na mwalimu. Na mama anakula mizizi. Chagua."

Ndugu zangu, niliogopa. Niliwaogopa watu, niliogopa kumwona mama akifa, na zaidi ya yote niliogopa kwamba kanisa likichomwa, Bwana Padre atanihamisha na barua yangu itakwisha kazi. Lakini kusema "mchukue" sikuweza, mimi mtumishi! Basi sikilizeni werevu wangu. Nilimwambia, "Kaka, mimi sitoi kitu. Lakini kondoo yuko kwa Mama Sechelela, na mimi mchana huu nakwenda kuwatembelea wagonjwa, sitaona lolote."

Chiwanga alicheka mpaka akajishika mbavu. Akasema, "Haya, mwalimu. Wewe katembelee wagonjwa, mimi nitamtembelea kondoo."

Naona mmeanza kuguna. Guneni, ni haki yenu.

Naona na ndugu zetu wafanyabiashara wa Kondoa mmesimama dirishani na punda wenu mnasikiliza. Karibuni. Kwa ajili yenu na kwa vijana, nieleze desturi yetu. Sisi Wagogo mtu mwenye akili haweki mifugo yake yote kwenye zizi moja. Ugonjwa ukija utamaliza wote, na husuda nayo ina macho. Kwa hiyo huwapeleka wengine kwa mtu mwaminifu amfugie. Yeye anapata maziwa na samadi, na mara moja moja anapewa mwanakondoo awe wake. Na aliyewekewa mnyama hamtaji mwenyewe mbele za watu, hata aulizwe vipi. Akimtaja, ameharibika jina, hakuna mtu atakayempa tena hata kifaranga. Na mwenyewe akimwita mnyama wake, aliyewekewa hana ruhusa ya kukataa.

Mimi nilimweka kondoo wangu mweusi kwa Mama Sechelela. Mama huyu alibatizwa kabla yangu. Alibatizwa akiwa mwanamke peke yake kati ya wanaume wanne, na siku ile wanawake wenzake walimzomea toka mtoni mpaka nyumbani. Mumewe alichukuliwa kubeba mizigo ya Wadachi, akaenda hakurudi, na hata habari ya kaburi hakuletewa. Nilimwonea huruma nikamwekea mnyama. Huruma yangu iliishia hapo.

Chiwanga alipofika kwake, mama aliuliza neno moja tu. Kaka yangu mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Aliuliza, "Mwenyewe anajua kondoo anakokwenda?"

Chiwanga akajibu, "Anajua."

Mama akafungua zizi.

Kondoo akachinjwa. Na mvua ikanyesha! Siku ya nne yake tu, wingu likatoka upande wa milima ya Kondoa, likatupiga mpaka paa za tembe zetu zikavuja matope. Jumapili nikapanda hapa. Nilisema nini? Mnakumbuka! Nilisema, "Mmeona? Mungu amejibu sala za kanisa, si damu ya mnyama!" Tukaimba mpaka sauti zikakauka. Nilisema hivyo na harufu ya uongo wangu mwenyewe iko puani, na sikutetemeka. Nilipofika nyumbani Chiwanga alikuwa amekaa kizingitini kwangu. Akaniuliza, "Mwalimu, mvua hii ni ya sala au ya kondoo?" Nikamwambia anyamaze. Akasema, "Mimi nilitoa kwa mtemi mchana kweupe. Wewe ulitoa kwa nani?" Mtu asiyebatizwa, ndugu zangu!

Kumbe wakati ule ule watu walikuwa wameona. Mtoto wa Mzee Ndahani alimwona kondoo mweusi akitolewa kwenye zizi la Mama Sechelela na kupelekwa kwa mtemi. Habari ikafika kwa wazee wa kanisa. Mzee Ndahani, sikulaumu, ulifanya kazi yako. Tukamwita mama mbele yenu, hapa hapa niliposimama.

Tulimuuliza kama kondoo alitoka kwake. Akasema, "Alitoka kwangu." Tulimuuliza kama ni wake. Akanyamaza. Tukamuuliza ni wa nani, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Ndugu zangu, nilikuwa nimesimama karibu naye kama nilivyo karibu na mzee huyu! Jasho lilinitoka mgongoni likaloanisha kanzu. Nilisubiri anitazame. Angenitazama tu, hata bila kusema, ningeanguka. Hakunitazama. Alikuwa anatazama vidole vya miguu yake, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Na mimi, kwa kinywa hiki, nilitamka hukumu. Nilisema, "Kuanzia leo usiikaribie meza ya Bwana. Utakaa nje ya mlango mpaka utubu." Nikasema tena, kwa sauti ya huruma, Mungu anisamehe, "Tunakuombea, mama."

Mshangao wangu ndio huo! Niliacha ngeu, nikaacha nywele za kusuka, nikaacha ngoma za usiku, nikaacha kila kitu kinachoonekana kwa macho. Nilidhani kuacha ndiyo wokovu. Tulibadilisha nguo, tukabadilisha majina, tukajifunza kuimba kwa vitabu, na mimi niliyetangulia katika mabadiliko hayo yote nikawa mtu mbaya kuliko nilivyokuwa na mkuki. Andrea mwenye mkuki hakuwahi kumsukumia mjane kosa lake! Baba yangu asiyejua kusoma asingethubutu kumtupa aliyemfugia mnyama. Desturi ingemzuia. Mimi niliitupa desturi ya baba yangu, na ya Kristo sikuishika. Nikabaki katikati, mkono mtupu, na barua.

Mama Sechelela amekaa nje ya mlango ule majira mazima ya mvua. Mmepita mkimwona. Anakaa chini, kanga imemganda mwilini, anasikiliza zaburi kupitia ukutani. Jumapili moja mvua ilikuwa kubwa, nikatuma mtu amwambie aende nyumbani. Akajibu kwamba nyumbani zaburi haisikiki.

Halafu, mwezi huu, yakaja mabaya zaidi. Mtu akamwona Mama Sechelela anakwenda kwa mtemi. Si mara moja, mara mbili! Mzee Ndahani akaja kwangu na hasira, akasema, "Umeona? Hakutubu, amerudi huko huko. Afutwe." Wazee wote wakakubali. Nami nilikubali. Sikilizeni: nilikubali na nikajisikia nafuu! Nilisema moyoni, basi kumbe kweli ni mtu wa mizimu, na mimi sina kosa kubwa. Tukapanga Jumapili ya leo.

Alhamisi asubuhi alikuja nyumbani kwangu. Nilikuwa nimekaa na mke wangu tunapukuchua mtama. Akapiga hodi, akasimama nje kama inavyompasa aliyetengwa, akasema, "Mbukwa, mwalimu." Alikuwa na mzigo kichwani, umefungwa kwa kamba ya ukindu. Akautua, akaufungua mbele yangu, na ilikuwa ngozi hii.

Akasema, "Mwalimu, mnyama wako alikufa akiwa amewekwa kwangu. Sikumla, sikumuuza. Ngozi yake hii."

Wazee wangu, mnajua maneno hayo. Ndiyo maneno ya desturi. Mnyama uliyewekewa akifa, hata aliwe na fisi, lazima umletee mwenyewe ngozi au hata pembe, ajue hukumdhulumu. Ndicho alichokwenda kufanya kwa mtemi! Alikwenda mara ya kwanza kuiomba ngozi, wakamkatalia. Akaenda mara ya pili, akawapigia magoti watu wasiomwamini Mungu wake, mpaka wakampa. Akijua mnamwona. Akijua kila hatua ya kwenda kule inamfuta katika daftari letu. Alikwenda ili asiniibie mimi!

Hakusema neno jingine. Hakusema "ulinitesa," hakusema "nitakutaja." Ningefurahi kama angenitukana. Aliinama, akachukua kamba yake ya ukindu, maana ilikuwa kamba nzuri, akaaga, akaenda zake.

Mke wangu alikuwa ameshika suke la mtama mkononi. Akasema, "Kumbe ni wewe." Basi. Tangu tuoane huniita Baba Yona. Mchana ule aliniwekea ugali akasema, "Kula, mwalimu." Yupo pale, amekaa upande wa akina mama, muulizeni.

Na msidhani nilitubu palepale. Ndugu zangu, moyo wa mwanadamu ni mgumu! Ijumaa alfajiri nilichukua ngozi nikaenda nayo zizini, nikachimba kwenye samadi, nikaifukia, nikaikanyaga kwa miguu yote miwili. Nikarudi kunawa ili nikaandae neno la Jumapili, neno la kumfuta mama. Sijamaliza kunawa, mbwa wangu akaja anaburuta kitu. Mbwa wangu mwenyewe, niliyemlea! Ameifukua. Akaileta mpaka miguuni pangu, mkia unatikisika, anangoja nimsifu.

Nilicheka. Kisha kicheko kikageuka. Nilipiga magoti palepale penye maji ya kunawa na kanzu yangu, nikalia kwa sauti mpaka Chiwanga akaja mbio akidhani nimepata msiba. Nikamwambia Mungu, "Sina tena mahali pa kuficha." Hilo tu. Sikuwa na sala ndefu, mimi mwalimu wa sala. Na palepale, ndugu zangu, hofu ilinitoka! Sijui niseme vipi. Hofu ya watu, hofu ya akida, hofu ya kuikosa barua, zote zilinitoka kwa pamoja, nikapumua mpaka chini ya kitovu. Tangu siku nilipofungua kinywa kwa kaka yangu sikuwahi kupumua hivyo. Aliyenifungua ni Yesu! Alitumia mjane na mbwa, na wote wawili walikuwa waaminifu kuliko mimi.

Chiwanga yupo. Geukeni mumwone, amesimama nyuma na mkuki wake, ni mara yake ya kwanza kuingia humu. Alisema, "Nitakuja Jumapili nione kama utasema kweli." Kaka, umeona?

Namshukuru Mungu aliyenyesha mvua hata juu ya shamba la mwongo. Namshukuru Mama Sechelela. Barua ya Bwana Padre nimeshaitoa katika Biblia. Nimeiambatanisha na maelezo yangu yote, na kesho mjumbe anaondoka nayo kwenda Buigiri. Askari wakija tena, sina cha kuwaonyesha. Nitachukuliwa kwenda relini kama ninyi mnavyochukuliwa, na kama ni kulala chini kwa viboko vya hamsa ishirini, nitalala. Ninaogopa kidogo, siwadanganyi. Lakini usingizi ninao.

Nawe uliyekaa humu, na kanzu yako safi, ukijua nyumbani kuna kitu umekifukia, usimngoje mbwa. Mtumaini Bwana leo! Hakunifukuza mimi niliyemhukumu mwenye haki mezani pake, wewe atakufukuzaje? Njoo na ngozi yako. Hapa sakafuni kuna nafasi.

Sasa, Mzee Ndahani, nipe daftari. Nilisema nitasoma jina. Jina la kutengwa na meza ya Bwana ni Andrea Malogo. Andika wewe tafadhali, aliyetengwa haandiki daftarini.

Mama Sechelela! Naiona kanga yako hapo mlangoni. Inuka, mama yangu, ingia. Akina mama, mpisheni akae mbele. Usilie, au lia, yote sawa, ila ingia. Na hapo chini ulipokuwa umekaa usipafute vumbi, niachie hivyo hivyo. Nakuja kukaa hapo mimi.